Bango la utafiti: Fanya matokeo yako yasomwe

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kunisoma nikieleza habari za shinikizo la damu, kisukari na minyoo. Leo nawaomba radhi, kwani nataka kuzungumza juu ya karatasi. Karatasi yenyewe ni kubwa, hubandikwa kwenye ubao wakati wa kongamano la sayansi, na huitwa bango la utafiti. Huenda ukajiuliza, je, bango lina uhusiano gani na afya yangu? Uhusiano upo, tena mkubwa. Aghalabu jambo linalogunduliwa na muuguzi wa zahanati kule Siakago, au afisa wa kliniki kule Maua, halina njia nyingine ya kuwafikia wakubwa wa wizara na madaktari wa kaunti nyingine isipokuwa bango hilo. Likisomwa, huenda ratiba ya kliniki ikapangwa upya au dawa ikabadilishwa. Lisiposomwa, jambo hilo hurudi kwenye faili, na wagonjwa waliotoa damu yao na wakati wao huwa wametoa bure.

Siku hizi kazi hii si ya maprofesa wa Nairobi pekee. Tuna Chuo Kikuu cha Embu, tuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, na kati yao kuna Chuka. Vyuo vya mafunzo ya utabibu vya KMTC viko Embu na Meru. Wanafunzi wa huko hufanya utafiti kabla ya kuhitimu, na wengi hutakiwa kuuonyesha kwa bango. Kila mwaka taasisi ya KEMRI, iliyoanzishwa mwaka wa 1979, huandaa kongamano lake Nairobi, na vijana wetu hupanda matatu asubuhi na mapema wakiwa wamekumbatia bomba la kadibodi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Swali ni kama kilichomo ndani ya bomba hilo kitasomwa na mtu yeyote.

Nasema hivyo kwa sababu langu la kwanza halikusomwa. Lilikuwa na kichwa cha mistari mitatu, majedwali matano, na maandishi madogo kama yale ya karatasi inayofungwa ndani ya pakiti ya dawa. Nilisimama kando yake saa mbili nzima. Walikuja watu wanne. Mmoja aliniuliza chai inanywewa wapi. Mwingine, mzee wa makamo aliyevaa miwani shingoni, alitazama juu, akatazama chini, kisha akaniuliza, "Kijana, umegundua nini?" Nikaanza kumweleza jinsi nilivyochagua wagonjwa, jinsi nilivyowapima, na fomu niliyotumia. Kabla sijafika kwenye nilichogundua alikuwa amenishukuru na kwenda zake. Sikumlaumu wakati ule, na sasa simlaumu hata kidogo.

BANGO NI NINI HASA?

Desturi hii si ya zamani sana. Wanabiokemia wa Ulaya walipokutana Madrid mwaka wa 1969 walijaribu mtindo wa kubandika kazi ukutani badala ya kila mtu kupanda jukwaani, na katika miaka ya 1970 Wamarekani nao wakaufuata. Sababu ilikuwa ya kawaida kabisa: wenye la kusema walikuwa wengi na saa za kusemea zilikuwa chache. Kwa hivyo bango lilizaliwa likiwa mahali pa mazungumzo. Msomaji wake yuko kwa miguu, amebeba kikombe, na mbele yake kuna mabango mengine mia moja.

Hapo ndipo kosa kubwa huanzia. Mwanafunzi huchukua tasnifu yake ya kurasa 60 na kuibana mpaka itoshe kwenye karatasi moja. Bango si tasnifu iliyobanwa. Lifananishe na mfanyabiashara wa ndizi pale soko la Gakoromone, Meru. Hakuanzii habari za shamba, mbolea na mvua ya mwaka jana. Hukuonyesha mkungu, akakutajia bei. Ukitaka habari za shamba utamuuliza, naye atakueleza.

MFANO WA KYENI

Tuchukue utafiti wa kweli uliofanywa hapa petu, ambao watu wengi wa Embu hawaujui ingawa mataifa ya mbali huutaja mara kwa mara. Kati ya mwaka 1998 na 2000, watafiti wakiongozwa na Daktari Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, pamoja na Profesa Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walifanya kazi katika shule 12 za msingi huko Kyeni Kusini, Embu. Watoto zaidi ya 500 waliokuwa wakianza Darasa la Kwanza walishirikishwa. Shule ziligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne. Kundi la kwanza lilipewa githeri iliyotiwa nyama ya kusaga. La pili lilipewa githeri na maziwa. La tatu lilipewa githeri iliyoongezwa mafuta, ili nguvu ya chakula ilingane na ya makundi mengine. La nne halikupewa chakula shuleni, na familia zake zilipewa mbuzi.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2003 katika jarida la lishe la Marekani. Watoto wa nyama waliwapita wenzao katika mtihani wa Raven, ule wa kupima akili kwa michoro badala ya maneno. Vilevile misuli ya mikono yao iliongezeka zaidi, na uwanjani walionekana kuwa wachangamfu na wepesi wa kuongoza michezo. Maziwa nayo yalisaidia kimo cha watoto wadogo na wale waliokuwa wamedumaa. Upungufu wa vitamini B12, ambao ulikuwa umeenea sana mwanzoni, ulipungua kwa waliopewa nyama na waliopewa maziwa.

Sasa tuseme wewe ndiwe uliyefanya kazi hiyo, na umepewa ubao mmoja. Utaandika nini juu kabisa?

Mwanafunzi wa kawaida ataandika: "Utafiti Linganishi wa Athari za Vyakula vya Asili ya Wanyama Miongoni mwa Wanafunzi wa Shule za Msingi katika Tarafa ya Kyeni Kusini, Wilaya ya Embu, Mkoa wa Mashariki, Kenya." Kichwa hicho hakina uongo wowote, lakini anayepita hajui kama nyama ilisaidia au haikusaidia. Mimi ningeandika: "Nyama kidogo katika githeri iliinua alama za watoto wa Embu." Ni maneno kumi tu. Aliye umbali wa mita tano amekwisha kupata habari, na akikaribia ni kwa sababu anataka kujua ilikuwaje.

Baadhi ya wasimamizi vyuoni hawatapenda kichwa cha namna hiyo. Watasema ni cha magazeti. Ikiwa kanuni za chuo chako zinadai kichwa kirefu, kiandike, lakini chini yake weka sentensi moja ya matokeo kwa herufi nene. Mwaka wa 2019 Mmarekani mmoja, Mike Morrison, aliyekuwa akisomea saikolojia, alisambaza video akidai kuwa sehemu kubwa ya bango, pale katikati, iachiwe sentensi hiyo moja kwa lugha nyepesi, na mambo mengine yasogezwe pembeni. Wengi walimfuata, wengine wakalalamika kwamba bango lake lina uwazi mwingi na data kidogo. Maoni yangu ni kwamba nusu ya ushauri wake yatosha: sentensi kubwa iwepo, lakini chini yake kuwe na grafu inayoithibitisha. Daktari anayetaka kubadilisha matibabu kwa sababu ya bango lako hawezi kuridhika na sentensi pekee, na asiridhike.

VIPIMO NA HERUFI

Makongamano mengi hutaka karatasi ya A0, yenye upana wa sentimita 84.1 na urefu wa sentimita 118.9. Hiyo ni sawa na karatasi 16 za kawaida za A4. Soma maagizo kwanza, kwani wengine hutaka ilale na wengine hutaka isimame. Nimeona bango zuri likining'inia nusu nje ya ubao kwa sababu mwenyewe hakuuliza.

Herufi za maelezo zisipungue pointi 24, yaani takriban milimita 8, na kichwa kiwe pointi 85 au zaidi. Kuna jaribio rahisi ambalo huwapa vijana wote wanaonijia. Chapisha bango lako lote kwenye A4 moja. Ukiweza kulisoma mkononi bila kukunja uso, litasomeka ukutani. Usipoweza, usilaumu macho yako. Punguza maneno. Maneno 400 au 500 yanatosha, na pengo jeupe kati ya sehemu moja na nyingine si hasara, kwani ndipo jicho hupumzika.

Majedwali huua mabango. Pale unapoweza kuweka grafu, weka grafu, na iwe bapa. Zile nguzo zinazochorwa kama matofali yenye kivuli hupendeza kwenye kompyuta lakini humfanya msomaji akosee urefu wake. Mhimili wa nguzo uanze na sifuri. Ukiuanzisha kwenye 60, tofauti kati ya asilimia 62 na 66 itaonekana kama kati ya kichuguu na Mlima Kenya, na msomaji mwenye uzoefu ataanza kukushuku. Pia usitenganishe makundi kwa rangi nyekundu na kijani pekee, kwa maana wako watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayazitofautishi.

Kuna jambo lingine la hesabu ambalo hunikera. Mtu ana wagonjwa watatu, wawili wakapona, naye anaandika "asilimia 66.67 walipona". Sema wawili kati ya watatu. Kinyume chake pia ni kweli: idadi isiyoambatana na jumla yake haina maana. Mwaka wa 2004, sumukuvu ya mahindi ilipowaua watu Makueni, Kitui na wilaya jirani, ripoti zilitaja vifo 125. Nambari hiyo inatisha, lakini inatisha zaidi ukiambiwa waliougua walikuwa 317, yaani karibu wanne kati ya kila kumi walikufa. Nambari mbili zilizowekwa pamoja zilitosha kumweleza daktari kwamba hii si homa ya ini ya kawaida inayotokana na virusi. Bango lako litafute nambari zake mbili kama hizo.

SIRI ZA MGONJWA

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wazuri hufanya madhara bila kukusudia. Katika mkutano mmoja niliwahi kusimama mbele ya bango lililoeleza ugonjwa wa mama mmoja. Jina halikutajwa. Lakini umri ulitajwa, kazi yake ya ualimu ilitajwa, kata ilitajwa, na idadi ya watoto wake ilitajwa. Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa aina ambayo mtu angependa ujulikane na daktari wake pekee. Muuguzi aliyekuwa kando yangu alitoka upande huo. Alisoma, akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Huyu namjua. Alinifundisha."

Katika kata zetu mambo ni hivyo. Watu wanafahamiana. Kuondoa jina hakutoshi. Andika "mwanamke wa makamo" badala ya umri kamili, andika kaunti badala ya kijiji, na kazi yake iache kabisa ikiwa haihusiani na ugonjwa. Picha ya kidonda ikatwe ili kisionekane chale, hereni wala nguo. Kuziba macho kwa ukanda mweusi ni mchezo wa watoto, maana jirani atamtambua mtu kwa kidevu. Na hata picha isiyoonyesha uso huhitaji idhini ya mgonjwa iliyoandikwa, baada ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa, Kimeru, Kiembu, Kimbeere au Kiswahili, kwamba picha itatazamwa na wageni. Wengi husaini fomu ya matibabu wakidhani wamesaini hiyo tu. Aidha sheria ya kulinda data ya mwaka wa 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na siku hizi kila anayepita hupiga bango picha kwa simu na kuituma apendako. Likishabandikwa huwezi kulirudisha.

Usisahau pia kuandika kwenye kona jina la kamati ya maadili iliyoidhinisha utafiti na nambari ya leseni ya NACOSTI. Waamuzi wa mabango huitafuta sehemu hiyo mapema.

UCHAPAJI NA SAFARI

Picha zilizopitia WhatsApp hupunguzwa ubora, nazo zikikuzwa mpaka A0 hugeuka ukungu. Itafute picha ya asili, na nembo za chuo uziombe ofisini badala ya kuzinakili kwenye barua. Ukimaliza, hifadhi kazi yako katika PDF, vinginevyo kompyuta ya mchapishaji yaweza kubadilisha herufi na kuyasogeza maneno juu ya grafu. Mpe mtu asiye wa fani yako alisome kabla ya kuchapisha. Mimi humpa mke wangu, ambaye ni mhasibu, na kila mara hupata kosa katika jumla.

Chapisha siku tatu kabla ya safari, si usiku wa kuamkia. Bango la kitambaa ni ghali zaidi kuliko la karatasi, lakini hukunjwa likaingia kwenye mkoba, na halikunyati abiria mwenzako akiliegemea kutoka Meru hadi Nairobi. Beba pini na selotepu zako mwenyewe. Za waandalizi huisha kabla ya saa tatu asubuhi.

UKISIMAMA KANDO YAKE

Simama ubavuni, usilizibe. Salimu watu. Usimkimbilie anayesoma, mwache amalize mistari michache, kisha mwulize, "Nikueleze kwa ufupi?" Akikubali, una dakika mbili. Anza na ulichogundua, kisha kwa nini ni muhimu, kisha jinsi ulivyofanya. Yule mzee wa miwani angenipata hivi: "Profesa, watoto waliotiliwa nyama katika githeri waliwapita wenzao katika mtihani wa akili. Tulilinganisha shule 12 kwa karibu miaka miwili." Basi. Hapo yeye ndiye atakayeuliza.

Na atauliza. Pengine atasema, "Mbona walio na maziwa hawakupanda vivyo hivyo?" Vijana wengi huogopa swali kama hilo na kuanza kubuni majibu. Usibuni. Eleza ulichokipima, taja maelezo yanayowezekana, sema lipi hukulipima, kisha mwombe anwani yake. Nimeona mafunzo ya shahada ya uzamili yakianzia kwenye jibu la namna hiyo. Nimeona pia mtu akijigamba kwa jibu la uongo mbele ya mgeni ambaye, kumbe, ndiye aliyeandika kitabu chenyewe.

Udhaifu wa kazi yako uutaje kabla hujaulizwa. Ikiwa wagonjwa wako wote walitoka hospitali moja ya misheni, sema hivyo, kwa sababu walioshindwa kulipia nauli ya kufika huko hawamo katika hesabu yako. Ukilificha, mtu wa kaunti nyingine atabeba ushauri wako na kuwatendea wagonjwa ambao hawafanani na wako.

BANGO LA PILI

Kongamano likiisha, mabango mengi huviringishwa na kuwekwa nyuma ya mlango wa ofisi, yakawa nyumba ya buibui. Miaka kadhaa iliyopita nyanya mmoja aliyekuwa akingoja dawa za presha aliniuliza, "Daktari, ile damu mliyotutoa pale kanisani, ilisema nini?" Alikuwa mmoja wa waliopimwa katika uchunguzi mmoja mdogo. Matokeo yalikuwa yamekwisha kubandikwa Nairobi, yakapigwa picha, yakasifiwa. Yeye hakuwa ameambiwa neno.

Tangu siku hiyo huwa nashauri mabango mawili yatengenezwe. La pili ni la waliotoa damu. Liwe kwa Kiswahili au lugha ya nyumbani, lisiwe na asilimia nyingi, na liwe na picha. La Kyeni lingekuwa na sahani nne za githeri zilizochorwa zikiwa zimepangwa safu moja, na chini ya kila sahani watoto walivyoendelea. Anayejua kusoma atasoma, na asiyejua ataelewa kwa kutazama. Hata A1 moja, ambayo ni nusu ya A0, hutosha. Libandike pale watu wanapopanga foleni ya kutoa kadi, kwani hapo wana muda kuliko profesa yeyote, kisha mwombe chifu dakika kumi katika baraza lake, nawe mhudumu wa afya ya jamii alishike upande mmoja na wewe upande wa pili. Jiandae kwa maswali, maana ni magumu kuliko ya Nairobi. Kule Nairobi huulizwa jinsi ulivyochagua sampuli. Hapa utaulizwa nyama hiyo itanunuliwa na nani.